Gari la Dizeli Linapogoma Asubuhi

Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi za nyanda za juu kusini mwa Tanzania huanza na sauti inayofahamika kutoka Mafinga hadi Njombe na Mbeya: stata inazungusha, inazungusha tena, injini inatikisika kama inayotaka kushika, inatoa moshi kidogo, kisha inanyamaza. Watu wa Limuru, Kinangop na Eldoret kule Kenya wanaijua sauti hiyo hiyo. Mara nyingi gari lenyewe ni pikapu au Land Cruiser ya dizeli iliyokuwa ikiwaka Dar es Salaam au Mombasa mwaka mzima bila usumbufu, ikapandishwa milimani kwa kazi, ikagoma ndani ya wiki moja. Mwenye gari hukata shauri papo hapo kwamba baridi imeliharibu gari lake. Gerejini, shauri hilo hugeuka kuwa orodha ya spea: leo plagi za joto, wiki ijayo betri, baadaye nozeli, na mwisho pampu ya dizeli, ambayo bei yake inaweza kumfanya mtu auze gari. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba baridi yenyewe ni nadra kuwa chanzo. Kasoro ilikuwamo ndani ya injini tangu pwani, ila joto la pwani lilikuwa likiifunika. Na kwa kuwa kila kasoro ina dalili yake, inaweza kutambuliwa kabla hata spea moja haijanunuliwa, mradi injini iulizwe swali moja moja, kwa mpangilio.

Ili maswali hayo yaeleweke, lazima kwanza ieleweke dizeli inawakaje. Injini ya petroli hupewa cheche na plagi. Injini ya dizeli haina cheche yoyote. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Hilo ndilo wazo ambalo Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani, aliliombea hataza mwaka 1892 na kulithibitisha kwa injini iliyofanya kazi vizuri mjini Augsburg mwaka 1897. Yeyote aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua jinsi pampu inavyopata moto karibu na mdomo wake. Hewa ikibanwa kwa nguvu na kwa haraka hupata joto. Ndani ya injini ya Toyota 1HZ, ile ya silinda sita iliyobeba Land Cruiser nyingi za Afrika Mashariki, hewa hubanwa mpaka ibaki karibu sehemu moja ya 22 ya ujazo wake wa awali. Kwa hesabu ya kukadiria, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzijoto 27 hufika karibu 485 mwishoni mwa mbano huo. Ikiingia ikiwa na nyuzijoto 5, hufika karibu 430. Tazama kilichotokea: tofauti ya nyuzi 22 nje ya gari imekuwa tofauti ya nyuzi 55 ndani ya silinda, mahali pale pale ambapo dizeli inasubiri joto ili iwake.

Nyuzi 430 bado zinatosha kuwasha dizeli iliyopulizwa vizuri katika injini nzima yenye plagi za joto zinazofanya kazi. Ndiyo maana magari mapya hayagomi Njombe, wala hayagomi katika nchi ambazo maji huganda mitaani miezi minne mfululizo. Injini nzima hutoka kiwandani ikiwa na akiba ya joto kubwa kuliko inavyohitaji katika asubuhi ya kawaida. Miaka inavyokwenda, akiba hiyo hupunguzwa kidogo kidogo: ringi zinazovujisha hewa zinachukua sehemu yake, betri iliyochoka inachukua nyingine, plagi moja iliyokufa inachukua yake, nozeli inayomwaga matone badala ya kupuliza ukungu nayo inadai haki yake. Pwani, hewa ya joto ya alfajiri hulipa deni lote hilo bila dereva kujua. Mlimani hakuna wa kulilipa. Juu ya baridi kuna mwinuko pia. Mji wa Njombe uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni haba kwa takribani moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Silinda ile ile, kwa pistoni ile ile, inapata hewa pungufu ya kubana, na dizeli hukawia zaidi kushika moto.

Sasa tuje kwenye uchunguzi wenyewe. Swali la kwanza, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalorukwa kuliko yote na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, ni hili: gari linagoma kwa sababu ya baridi, au kwa sababu ya kulala? Usiku mmoja hulifanyia gari mambo mawili kwa pamoja. Hulipoza, na hulisimamisha kwa saa nane au kumi. Tumezoea kuyaona mambo haya mawili kama jambo moja kwa sababu huja pamoja kila siku, kumbe kasoro zake ni tofauti kabisa. Injini iliyopungukiwa joto hugoma ikiwa imepoa. Injini ambayo dizeli yake inarudi tangini taratibu, kwa sababu kuna mahali mpira au kiungo kinapitisha hewa, hugoma ikiwa imesimama muda mrefu, hata kama jua linawaka. Njia ya kuyatenganisha haina gharama. Liwashe gari asubuhi, liendeshe mpaka lipate moto sawasawa, kisha liache lisimame juani tangu saa mbili mpaka saa kumi jioni bila kuliwasha. Likisumbua jioni hiyo ya joto kama lilivyosumbua alfajiri, baridi haina hatia. Tafuta hewa kwenye njia ya mafuta. Likiwaka mara moja, shaka inarudi kwenye joto, mgandamizo na kasi ya stata.

Kipimo cha pili cha swali hilo hilo kinafanywa alfajiri, kabla ya ufunguo kuguswa. Magari mengi ya dizeli ya zamani yana pampu ndogo ya mkono juu ya chujio la dizeli. Ibonyeze. Kama dizeli ilikaa mahali pake usiku kucha, kitufe kitakuwa kigumu baada ya kubonyezwa mara chache. Kikiwa laini na kikahitaji kubonyezwa mara nyingi ndipo kikaze, dizeli ilikuwa imerudi nyuma. Liwashe gari sasa: likishika haraka kuliko kawaida yake, umepata jibu bila kutumia shilingi. Hapa watu wengi hupinga kwa kusema hawajaona dizeli ikidondoka chini ya gari, kwa hiyo hakuna mahali panapovuja. Pingamizi hilo linaeleweka, lakini limesahau jambo moja. Katika injini hizo pampu iko mbele na tangi liko nyuma. Pampu inavuta dizeli, haisukumiwi. Mpira wenye ufa mwembamba upande wa kuvuta huingiza hewa badala ya kutoa dizeli, na ardhi chini yake hubaki kavu. Fundi makini huweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya chujio na pampu, akatazama kama viputo vya hewa vinapita.

Kama jibu ni baridi na si kulala, swali linalofuata ni la sikio: stata inazungusha kwa kasi gani? Injini ya dizeli inahitaji kuzungushwa walau mara 150 hadi 200 kwa dakika ili iwake bila taabu. Kwa mizunguko 200, pistoni humaliza kubana hewa kwa sehemu 15 za mia za sekunde. Kwa mizunguko 100 huchukua sehemu 30, mara mbili ya muda huo, na muda wote huo hewa ya moto inavuja kandoni mwa ringi huku kuta baridi za silinda zikinyonya joto lililobaki. Kwa hiyo stata inayozungusha polepole huiba joto moja kwa moja kutoka silindani, na kosa lake linafanana kabisa na kosa la plagi. Mtu anayebadilisha plagi wakati stata inajikokota anatibu mguu kwa maumivu ya jino. Betri yenye volti 12.6 asubuhi kabla ya kuwashwa imejaa, yenye 12.2 imebaki na karibu nusu. Wakati stata inapigwa, ikishuka chini ya volti 9.6 katika hali ya hewa ya kawaida, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Oili nayo ihojiwe. Oili nzito ya namba moja, kama ile ya SAE 40 ambayo bado inapendwa na wengi, huwa nzito mno alfajiri ya nyuzi 5. Oili ya 15W-40 hutiririka upesi zaidi ikiwa baridi, na ulinzi wake injini ikipata moto ni ule ule.

Kabla ya kununua betri, angalia waya wa hasi unaoshika bodi na injini. Stata ya gari la dizeli huvuta ampea 250 au zaidi. Kutu ndogo yenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, ambayo jicho haliwezi kuitambua, kwa ampea hizo hupoteza volti 2.5 nzima. Mita ya umeme ya bei ndogo, waya wake mmoja ukigusa nguzo ya hasi ya betri na mwingine ukigusa chuma kitupu cha injini huku mwenzako akipiga stata, itaonyesha hasara hiyo. Ikizidi nusu volti, safisha na kaza. Betri nyingi zimestaafishwa kwa kosa la waya.

Stata ikiwa na kasi nzuri na injini bado inakataa, nenda nyuma ya gari ukatazame bomba la moshi. Hapa ndipo injini inaposema wazi kuliko mahali pengine popote, na sioni sababu ya fundi kufungua boliti yoyote kabla ya kupafika. Moshi mweupe au wa kijivu, mzito, unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, unamaanisha kuwa mafuta yanafika silindani lakini hayawaki. Pampu inaleta, kinachokosekana ni joto, au mgandamizo, au upulizaji mzuri. Kama hakuna moshi wowote wakati stata inazungusha, mafuta hayafiki: njia imeingia hewa, chujio limeziba, au ile solenoidi inayofungua dizeli kwenye pampu haipati umeme. Solenoidi hiyo hutoa mlio mdogo wa “tak” ufunguo unapofunguliwa, na kutosikika kwake ni habari kamili. Katika maeneo ambako umande huganda kuwa barafu, kama uwanda wa Kitulo, baadhi ya dizeli huanza kutoa nta inayoziba chujio, ingawa hali hiyo kwetu si ya kawaida. Moshi wa bluu unaelekeza kwenye oili inayoungua. Tofauti kati ya moshi mweupe na kukosa moshi huigawa orodha ya spea katika nusu mbili, na nusu moja inatupwa hapo hapo bila kununuliwa.

Tuseme moshi ni mweupe. Sasa plagi za joto, au hita plagi kama zinavyoitwa gerejini, zina haki ya kushukiwa. Katika injini kama 1HZ, au 2L na 3L za Hilux na Hiace za zamani, dizeli haipulizwi moja kwa moja juu ya pistoni. Hupulizwa kwanza katika chumba kidogo ndani ya silinda hedi. Kuta za chumba hicho ni nyingi kulinganisha na hewa iliyomo, kwa hiyo hunyonya joto kwa pupa injini ikiwa baridi. Plagi iliyochomekwa humo huwaka mpaka iwe nyekundu, kwenye nyuzi 850 au zaidi, ikawa mahali pa moto ambapo ukungu wa dizeli unaanzia kuwaka. Pwani, injini yenye mgandamizo mzuri inaweza kuwaka hata plagi zote zikiwa zimekufa. Miaka inapita, hakuna anayejua. Malori mengi yanayopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni hayana plagi hizi kabisa, kwa hiyo dereva aliyetoka kwenye lori asishangae pikapu ikidai kitu ambacho lori halikudai.

Kosa linalofanyika mara nyingi hapa ni kuiamini taa. Ile alama ya njano yenye umbo la koili kwenye dashibodi huwaka kwa sekunde chache kisha ikazima, na dereva hudhani plagi zimeshapata moto. Katika magari mengi taa hiyo huendeshwa na saa ya kielektroniki na kipima joto. Inahesabu muda, haitazami kama plagi zinawaka. Zinaweza kuwa zimekufa zote na taa ikazima kwa wakati wake bila aibu. Plagi hupimwa kwa kuondoa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha, kisha kupima ukinzani wa kila moja kati ya kichwa chake na chuma cha injini. Plagi nzima huonyesha ukinzani mdogo sana, kwa kawaida chini ya omu 2. Iliyokufa haipitishi kitu. Na hapa kuna hoja ya akili ya kawaida inayookoa pesa nyingi: plagi huchoka moja moja. Ikifa moja kati ya nne, injini huwaka ikiwa inakosa mpigo mmoja, inatikisika na kutoa moshi mweupe kwa sekunde kadhaa, kisha inatulia. Lakini gari lililokuwa likiwaka vizuri wiki iliyopita na leo halina plagi hata moja inayopata moto, karibu kila mara lina tatizo la umeme unaokwenda kwenye plagi: fyuzi, rilei au kiungo kilicholegea. Plagi nne mpya hazitalisaidia.

Hata umeme ukifika, uulizwe umefika kiasi gani. Plagi nne zinaweza kuvuta ampea 50 kwa pamoja. Kiungo chenye kutu kikila volti 2.5 njiani, plagi iliyotakiwa kupata volti 12 inapata 9.5, na kwa kuwa joto hupungua kwa mraba wa volti, inapoteza zaidi ya theluthi ya moto wake. Itapimwa, ionekane nzima, irudishwe, na gari litagoma tena. Kuna jambo lingine la dukani. Plagi za Toyota na za magari mengine hazikutengenezwa zote kwa volti moja. Zipo zilizoandikwa volti 6, zipo za 11 na za 12, na yapo magari yanayotumia volti 24. Umbo na uzi wa skrubu vinaweza kufanana. Ya volti ndogo ikifungwa mahali pa volti kubwa huungua siku hiyo hiyo, na ya volti kubwa mahali pa ndogo haipati moto unaotosha. Muuza spea anayelinganisha plagi kwa macho tu anakuuzia bahati nasibu.

Plagi zikiwa nzima na umeme ukiwa kamili, ndipo tunafika kwenye mgandamizo, au kompresheni, na nozeli, yaani kwenye pesa kubwa. Hapa geji inahitajika, na iwe geji ya dizeli. Ile ya petroli haikutengenezwa kwa shinikizo hili. Injini nyingi ndogo za dizeli zikiwa nzima hutoa kati ya bar 25 na 35 kwa kila silinda, na kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Lakini takwimu za kitabu hupimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Injini ambayo Dar es Salaam ingetoa bar 30, Njombe itatoa takribani 24 bila kuwa na ugonjwa wowote, kwa sababu imepewa hewa pungufu kwa moja ya tano. Fundi asiyelijua hili anaweza kuihukumu injini nzima ishushwe na ifanyiwe ovahauli. Kinachosema ukweli milimani ni ulinganifu: silinda zote zikiwa chini kwa takribani moja ya tano na zikikaribiana, ni mwinuko; moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, ni valvu, ringi au gasketi ya silinda hedi.

Nozeli na pampu huchakaa kwa namna nyingine, na sehemu ya lawama inakwenda kwenye vituo vya mafuta. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa na dizeli kwa sababu yalikuwa na bei ya chini. Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kenya nayo ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Hatua hizo zilikuwa za lazima. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Pampu iliyolishwa mchanganyiko kwa miaka hupoteza shinikizo kwanza katika kasi ndogo kabisa, yaani kasi ya stata. Inaweza kuendesha gari barabarani bila lalamiko na bado ikashindwa kuliwasha alfajiri.

Yapo mapingamizi ya haki dhidi ya njia hii. La kwanza husemwa na mafundi wenyewe: fundi mzoefu hahitaji mlolongo huu, anasikiliza na kujua. Naliheshimu pingamizi hili, kwa sababu sikio la fundi wa miaka ishirini ni kipimo kweli kweli, na maswali ya kasi ya stata na rangi ya moshi niliyoyaeleza yametoka katika uzoefu wa watu kama yeye. Tatizo ni kwamba gari humfikia likiwa limepona. Liligoma saa kumi na mbili asubuhi, likasukumwa, likawaka, likaendeshwa mpaka gereji, na saa nne limefunguliwa boneti likiwa la moto. Sikio lake halina cha kusikia. Hapo ndipo anapolazimika kubahatisha, si kwa ujinga, bali kwa kukosa ushahidi. Gari lenye shida ya baridi lilale gereji, lipimwe alfajiri. Kama haiwezekani, mwenye gari arekodi kwa simu yake sauti ya stata na moshi wa nyuma, ampelekee fundi. Na sisi wateja tuna kosa letu. Tunakubali kulipia spea na kazi ya kuifunga, lakini fundi akisema anataka fedha ya kupima tu, tunamwona mwizi. Tukiendelea kulipia spea peke yake, tutaendelea kuuziwa spea.

Wengine husema: kwa nini kuhangaika, wakati kuna dawa ya kupuliza na kuna mabega ya kusukuma? Ile dawa ya kopo inayopulizwa kwenye njia ya hewa ina etha, ambayo hujiwasha yenyewe kwenye nyuzi 160 hivi. Katika injini yenye plagi za joto zilizo nyekundu, etha inaweza kulipuka kabla pistoni haijafika juu, ikavunja ringi au kupasua pistoni. Injini iliyogoma kwa fyuzi ya bei ndogo inaweza kuharibiwa kwa dawa iliyokusudiwa kuiokoa. Kusukuma ni afadhali, lakini kishindo cha kuachia klachi hupita kwenye mkanda wa taimingi, na mkanda mzee unaweza kuruka meno. Zaidi ya hapo, njia zote mbili huficha ushahidi, na kasoro inaendelea kukua.

Pingamizi la mwisho ni la wakati wetu: magari ya sasa yana kompyuta, mashine itasoma kosa. Magari yanayotumia mfumo wa mafuta wa shinikizo kubwa, kama Hilux na D-Max za miaka ya karibuni, kweli yana mambo mapya. Kompyuta haifungui nozeli mpaka shinikizo la dizeli lifike kiwango fulani, katika magari mengi karibu bar 250, hata stata izungushe vizuri namna gani. Mashine itaandika kwamba shinikizo ni dogo. Haitasema ni nozeli inayorudisha mafuta kupita kiasi, ni pampu iliyochoka, au ni ule mpira wenye ufa unaovuta hewa kama wa Land Cruiser ya mwaka 1992. Bado lazima mtu aulize kama gari linasumbua baada ya kulala kwenye joto. Bado lazima akinge chupa kwenye mirija ya kurudisha mafuta alinganishe nozeli ipi imejaza zaidi. Mashine inapunguza kazi ya mikono. Kazi ya kufikiri imebaki ile ile.

Basi, msomaji, kama gari lako linagoma asubuhi, kesho usiligeuzie ufunguo kwa hasira. Pima volti za betri kwanza, bonyeza pampu ya mkono kama ipo, kisha mwombe mtu asimame nyuma atazame moshi wakati wewe unasikiliza stata, na uandike mlichokiona. Karatasi hiyo mpelekee fundi wako, mlipe alfajiri yake moja ya kupima, na umwombe kila spea atakayobadilisha akurudishie ile kuukuu pamoja na kipimo kilichoonyesha kuwa imekufa.